Mpaka Yakolee

Ukungu ulianza kama alama ya kidole. Siku walipomleta mtoto kutoka wodi ya wazazi, Lenzi aliuona ukutani juu ya kitanda, mweusi, mdogo, akaufuta kwa kitambaa akidhani ni masizi. Ukarudi. Akausugua kwa sabuni, ukarudi na ndugu zake. Mvua zilipokaza, ukuta wote wa nyuma, ule ulioegemea kilima na ambao haujawahi kuonana na jua tangu ulipojengwa, ulilowa kama shati la mbeba mizigo, na madoa yale yakawa yanashuka kidogo kidogo kuuelekea mto wa mtoto, kama kitu chenye miguu na chenye nia.

Kisha mtoto akaanza kukohoa.

Kikohozi cha mtu mzima kinakera. Cha kichanga kinatisha, kwa sababu ni kidogo mno. Kilikuwa kikavu, cha hapa na pale, na baada yake kifua kilipiga filimbi nyembamba iliyowafanya baba na mama wasimamishe pumzi zao wenyewe ili wasikie kama ya mtoto inaendelea. Walimpeleka kwa daktari. Daktari alimsikiliza mgongoni, akamgeuza, akamsikiliza tena.

"Mnalala naye chumba gani? Kina unyevu?"

"Kinatoka jasho, daktari," mke wa Lenzi alisema. "Ukuta unatoka jasho kuliko sisi."

"Basi dawa nitawapa, lakini dawa ni nusu ya kazi. Hewa ya hicho chumba ndiyo inayomla. Kikausheni. Mkishindwa mtanirudia, na mkinirudia itakuwa vibaya kuliko hivi."

Kuliko hivi. Lenzi alitoka na maneno hayo mawili, na hayakumtoka tena.

Jina la Lenzi alilipata kazini. Alikuwa fundi katika karakana ya Bi Darubini, mwanamke mnene mwenye mikono miepesi, aliyetengeneza hadubini za shule na hospitali, kamera za wapiga picha wa harusi, na darubini za watu wenye pesa na hamu ya kuchungulia ndege. Adui wao mle karakanani alikuwa ukungu uleule. Ukiingia kwenye lenzi unatambaa kama utando wa buibui, unakula kioo, na kioo kilicholiwa hakiponi. Ndiyo maana kila kabati lilikuwa na vifuko vya punje za kufyonza unyevu. Punje zikiwa kavu zilikuwa za buluu. Zikishiba maji ziligeuka waridi, na hapo Bi Darubini husema, "Zimekolea hizo, kazikaange," nawe unazikaanga kwenye sufuria mpaka buluu yake irudi. Kukolea, pale karakanani, kulikuwa na maana hiyo moja tu: kushiba maji.

Lenzi alishajaribu kuzipeleka nyumbani, ameziiba kidogo kwenye soksi, akaitundika soksi juu ya kitanda cha mtoto. Ziligeuka waridi kabla hajamaliza chakula chake. Mkewe alicheka mpaka akashika mbavu. "Umeleta kijiko ukaushe ziwa!" Kisha mtoto akakohoa, na kicheko kikafa pale pale.

Kisha siku moja, kabla ya adhuhuri, mkewe alimpigia simu akilia. Ukuta sasa ulikuwa unatiririka. Godoro lilikuwa limelowa upande wa nyuma. Mtoto hakuwa amelala, na yeye hakuwa amelala, na midomo ya mtoto, alisema, ilikuwa na rangi asiyoipenda.

Lenzi alirudi mezani akashika kitambaa. Bi Darubini alimtazama kwa muda.

"Unaifuta hiyo lenzi au unaiomba radhi?"

"Ni mtoto, Bi. Chumba kinammaliza mtoto."

"Bado hakijakauka?"

"Punje hazifui dafu."

"Punje ni za kabati, mwanangu. Chumba ni chumba." Alinyoosha kidole kwenye kabati kubwa la ukutani, lile la hadubini, ambalo chini yake kulikuwa na trei ndefu nyeusi. "Pale nimeweka nini?"

"Makaa."

"Basi weka makaa. Yaponde, jaza karai, sukuma chini ya kitanda. Funga mlango, funga dirisha, maana ukiacha wazi utakuwa unakausha mvua ya mji mzima. Yakikolea, unayatoa, unayakausha, unayarudisha. Yanakunywa maji, yanakunywa na harufu. Nyumbani hamna makaa?"

"Yapo. Nusu gunia."

"Sasa unangoja nini? Mpigie mwenzio."

Alipiga. Simu ikaita mara chache, ikapokelewa, na sauti iliyosema "Haloo" haikuwa ya mkewe. Lenzi akainuka kwenye kigoda kama aliyechomwa sindano.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mkwe wangu. Mwenzio ndiyo kwanza kapata usingizi, yeye na mtoto. Nimwamshe?"

"Hapana, mama! Hapana. Waache."

Mama mkwe alikuwa amekuja kumwangalia mzazi, na kikohozi cha mjukuu kikamfanya asiondoke. Alitoka mbali, ng'ambo ya mto, na kati yake na Lenzi kulikuwa na heshima nzito kama blanketi la mvua. Akiingia yeye, Lenzi hutoka. Chakula kikiwa tayari, humwambia binti yake, "Mwambie mwenzio aje ale," na huyo mwenzio ameketi pale pale, magoti yake yanakaribia kugusana na chungu. Hawakuwa wamewahi kuzungumza zaidi ya salamu. Sasa alikuwa peke yake naye kwenye simu, na maneno yakamganda mdomoni.

"Mama, samahani. Naomba uweke makaa kwenye karai. Uyasukume chini ya kitanda. Halafu ufunge mlango na dirisha. Usifungue mpaka yakolee."



"Chini ya kitanda, mkwe?"

"Ndiyo, mama."

"Na mtoto akiwemo humo humo?"

"Ndiyo. Ni kwa ajili yake. Kwa ajili ya kifua."

Kimya. Ndani ya kimya hicho kulikuwa na swali. Lenzi alilisikia likivuta pumzi. Angekuwa anaongea na mtu mwingine yeyote angesema, ee, sema, una wasiwasi gani? Lakini alikuwa anatokwa jasho, na alichotaka ni kuiweka ile simu chini.

"Haya," mama mkwe alisema. "Kama ndivyo walivyosema wataalamu."

"Ndivyo, mama. Asante, mama."

Akakata, akaketi, akapangusa uso. Bi Darubini alikuwa amejiinamia anacheka kimyakimya, mabega yanapanda na kushuka.

"Umesimama wima kama unapigiwa wimbo wa taifa! Yule anakuona kwenye simu?"

"Mkwe ni mkwe, Bi."

"Mkwe ni mkwe, ndiyo, lakini hata askari huambiwa legeza miguu."

Lenzi akacheka naye. Kwa mara ya kwanza siku hiyo kifua chake kililegea. Akaitupa simu kwenye droo, kwa kuwa ilikuwa amri ya karakana kwamba simu haikai jirani na kioo kilicho wazi, akainamia kazi. Ilikuwa hadubini ya hospitali, lenzi zake nne zimetandwa na utando. Alifanya kazi vizuri. Alifanya kazi kwa furaha, na baadaye furaha hiyo ndiyo aliyoshindwa kujisamehe.

Alipofungua droo atafute brashi ndogo, simu ilikuwa na ujumbe. Ulikuwa umeingia zamani. Umetoka kwenye simu ya mkewe, lakini aliyeandika hakuwa mkewe.

"Mkwe makaa tayari. Nimeyawasha nje mpaka moshi ukaisha wote ndipo nikayaingiza. Yamekolea mekundu. Nimefunga na nguo nimeziba chini ya mlango. Joto limeingia vizuri. Mtoto kanyamaza kukohoa. Na mimi kichwa kizito najinyoosha kidogo."

Aliusoma hadi mwisho. Akarudi kwenye neno moja, *nimeyawasha*, na macho yake yakakataa kutoka pale. Kitu kilianguka sakafuni kikavunjika. Ilikuwa lenzi.

"Wewe!" Bi Darubini aliruka. "Ya hospitali hiyo!" Kisha akauona uso wake. "Nini? Lenzi, nini?"

Akampa simu. Bi Darubini alisoma huku midomo ikicheza, na rangi ikamhama.

"Ulimwambiaje? Nilikuwa hapa, lakini rudia. Neno kwa neno."

"Nilimwambia aweke makaa. Afunge mlango na dirisha. Asifungue mpaka yakolee."

Na aliposema ndipo aliposikia. Alisikia kwa masikio ya mama mkwe, mwanamke ambaye maisha yake yote amepikia jiko. Kwao ng'ambo, kilichomo guniani ni *mkaa*. "Nikachukulie mkaa," humwambia binti yake, "mkaa umekwisha." *Makaa* ni yale yanayowaka: "Geuza makaa, makaa yanazima." Na kukolea, kwa mpishi yeyote wa nchi yoyote, ni moto kushika sawasawa. Yeye Lenzi, aliyekulia nyumba ambamo vyote viwili viliitwa makaa, alikuwa amechukua neno la kwao, akalifunga pamoja na neno la karakanani, akamwagiza bibi wa mtoto wake, kwa adabu zote, amwekee mtoto jiko la moto chini ya kitanda, azibe kila tundu, na asithubutu kufungua.

Naye, kwa heshima, hakuuliza. Alifanya kwa uangalifu hata. Aliogopa moshi, akangoja uishe. Watu wengi huogopa moshi. Lakini moshi una huruma, unakukereketa koo, unakuliza machozi, unakufukuza. Hewa inayotoka kwenye makaa mekundu yasiyo na moshi haina rangi, haina harufu, haisemi kitu. Inakupa kichwa kizito, inakulaza, basi.

*Na mimi kichwa kizito najinyoosha kidogo.*

Lenzi alipiga. Simu iliita mpaka ikachoka. Akapiga tena. Ikaita. Alikuwa anaiona mle chumbani, inatetemeka juu ya kistuli kando ya kitanda, mwanga wake mdogo unawaka na kuzima, na hakuna mkono unaonyooka.

"Kimbia!" Bi Darubini alifoka. Alikuwa tayari anavuta funguo ukutani. "Barabara imejaa maji na magari yamesimama, wewe kwa miguu utafika kabla yangu. Mimi naleta gari la kuwapeleka hospitali. Huna jirani? Mpigie jirani, mtu wangu, mpigie!"

Alitoka kwenye mvua bila koti. Chini ya nyumba aliyopanga kulikuwa na kibanda cha kinyozi, mtu wa maneno mengi, aliyekuwa amekwisha kumpa mtoto wa Lenzi cheo cha Mteja wa Kesho na kuahidi kumnyoa bure siku atakapoota nywele za maana. Lenzi alimpigia huku anakimbia.

"Haloo, Lenzi! Leo umetusafishia nini, jicho la nani?"

"Kinyozi, panda juu kwangu. Sasa hivi. Fungua mlango."

"Sasa hivi nina kichwa cha mtu mkononi. Nusu msitu, nusu uwanja wa mpira. Nikimwacha hivi atanipeleka mahakamani."

"Kinyozi, watakufa!"

Mashine ya kunyolea, iliyokuwa ikinguruma nyuma ya sauti, ilizimika.

"Nani atakufa?"

"Mke wangu. Mtoto. Mama. Panda, nakuomba, panda, usikate simu!"

Alisikia viatu kwenye ngazi. Alisikia vingine nyuma yake, huenda ni huyo mwenye kichwa nusu. Yeye mwenyewe alikuwa amefika kwenye mteremko wa soko, maji ya mvua yamemfika kwenye vifundo vya miguu, watu wamejibana chini ya mabati wanamtazama mwendawazimu anayekimbia na simu sikioni.

"Nimefika," kinyozi alisema. "Nagonga. Hodi! Hodi, mama!" Ngumi mlangoni. "Hodi humu!" Kimya. "Lenzi, wamelala. Mvua hii, hata mimi ningekuwa na blanketi..."

"Vunja mlango."

"Ati nini?"

"Vunja mlango!"

"Lenzi, tulia. Humu kuna mzazi, kuna mama mkwe wako. Mimi mwanamume nivunje mlango, niwakute wanawake wamejilaza na nguo za ndani? Kesho nitaitwa nani mtaa huu?"

"Kesho watakuwa maiti!" Sauti ilimtoka mpaka mwanamke mmoja chini ya bati akamvuta mwanawe karibu. "Kuna karai la makaa ndani, yanawaka, wameziba kila mahali! Weka sikio mlangoni. Weka sikio! Unamsikia mtoto?"

Lenzi alisikia mvua mara mbili, ya kwake na ile ya upande wa pili wa simu.

"Sisikii kitu," kinyozi alisema, na hakuwa tena mtu wa mzaha. Akamwambia mtu aliye nyuma yake, "Gusa mlango huu, bwana. Una moto."

Kisha, kwa mbali, kana kwamba simu ameitia mfukoni: "Moja, mbili!" Kishindo. Mlango ule Lenzi aliujua, ulikuwa wa mbao ngumu na makomeo mawili, yeye mwenyewe aliongeza la pili mtoto alipozaliwa. Kishindo tena. "Dirisha! Acha mlango, dirisha!" Kioo. Kioo kingi. Mtu alikohoa, akapiga kelele, "Mama! Mama, amka! Dada!" Samani ikaburutwa. Lenzi alikuwa anakimbia ameliminya sikio lile jingine kwa kiganja, anatafuta ndani ya zogo lote lile sauti moja nyembamba. Alitafuta kilio. Angeridhika na mguno.

Hakukuwa na kilio.

"Kinyozi! Mtoto! Nijibu, mtoto!"

Simu ilikatika.

Kipande kile cha mwisho cha njia hakukikumbuka vizuri hata baadaye. Alikumbuka kwamba aliteleza kwenye ngazi za udongo nyuma ya kituo cha maji na akapanda kwa mikono na magoti. Alikumbuka kwamba alikuwa anaongea peke yake, anarudia sentensi aliyopaswa kumwambia mama mkwe, kwa ufasaha kabisa sasa, kila neno mahali pake: mama, chukua mkaa mbichi kutoka kwenye gunia, usiuwashe, usiuwashe, mama, usiuwashe.

Ubaraza wa juu ulikuwa umejaa vioo. Mkewe alikuwa amelazwa ubavu kwenye saruji, anatapika, na mtu mwenye nywele upande mmoja wa kichwa, shuka la kinyozi bado limemning'inia shingoni, alikuwa amemshika paji la uso kama dada yake wa tumbo moja. Kinyozi alikuwa amesimama kwenye mvua, nje ya ukingo wa bati, na mtoto mikononi. Damu ilimchuruzika kiwiko. Alikuwa amemshika kama mtu aliyepewa kitu asichojua kinashikwaje.

"Ni mlegevu," alisema. "Lenzi, ni mlegevu sana."

Mtoto alikuwa na rangi nzuri. Hilo ndilo lililomtisha Lenzi, maana ni rangi ya hewa ile: mashavu yalikuwa mekundu, midomo myekundu, mzuri kuliko alivyowahi kuwa tangu azaliwe, na shingo imeanguka nyuma kama ua lililokatwa. Akamnyakua. Matone ya mvua yalimpiga mtoto usoni, moja kwenye jicho, jingine puani. Lenzi akampulizia mdomoni, kidogo, kama anavyopuliza vumbi kwenye kioo, akiogopa hata pumzi yake mwenyewe. Akampulizia tena. Kifua kikainuka. Kikashuka. Akangoja.

Mtoto alikunja uso, akatoa sauti. Ilikuwa sauti mbovu, ya paka aliyekanyagwa, lakini ilikuwa yake.

"Mama," mkewe alisema kutoka sakafuni. Ulimi ulikuwa unamkwama. "Mama bado yuko ndani."

Lenzi alimrudishia kinyozi mtoto, akaziba pua, akaruka dirisha. Joto lilimpokea kama mdomo. Karai halikuwa chini ya kitanda. Mama mkwe alikuwa ameliweka kando, juu ya matofali, mbali na godoro, kisha akatandika mkeka wake kati ya karai na kitanda, ili cheche ikiruka imwangukie yeye. Hapo ndipo alipokuwa amelala, uso umeelekea kwenye makaa. Yalikuwa mekundu kweli, mazuri, hayana hata uzi wa moshi, na ukuta nyuma yake, kwa mara ya kwanza tangu wahamie, ulikuwa mkavu.

Alifungua makomeo, akamshika mama mkwe kwapani, mwanamke ambaye hakuwa amewahi hata kumpa mkono, akamburuta. Alikuwa mzito kama gunia lililolowa. Mtu mwenye nywele nusu akaja akashika miguu. Honi ya gari la Bi Darubini ilikuwa inalia chini bila kukoma.

*

Wodi ya dharura iliwapa vitanda viwili na kitanda kidogo katikati. Wote watatu walifungwa vikombe vya hewa puani, cha mtoto kidogo kama cha mwanasesere, na mtungi ulikuwa unatoa sauti ya mtu anayetaka kusema siri. Muuguzi aliuliza ni nani mwenye akili zake aliyewaambia wawashe makaa ndani na kufunga.

"Mimi," Lenzi alisema.

Muuguzi alimtazama. Akaendelea kuandika.

Daktari alisema mke atakuwa sawa, kichwa kitamuuma kwa siku kadhaa. Bibi alikuwa jirani kabisa na makaa, moyo wake wangeuangalia mpaka kesho. Kuhusu mtoto alichagua maneno moja moja. Anapumua. Analia. Lakini ubongo mdogo kama ule ukikosa hewa safi, mtu hawezi kuapa. "Tutaangalia kama anashika kidole, ananyonya, anafuata kitu kwa macho. Leo, kesho, wiki zijazo. Nanyi mwangalie."

Mkewe alilala, amegeuzia uso wake upande wa mtoto. Bi Darubini alikwenda kutafuta chai. Kinyozi alikuwa anashonwa kiwiko chumba cha pili, na Lenzi alimsikia akimwambia mshonaji kwamba akili ni nywele, na leo ameacha mteja na nusu ya akili zake. Kisha sauti ile ikakatika katikati ya mzaha na mtu akaanza kulia, na alikuwa yeye yule kinyozi.

Mama mkwe alifungua macho. Kitu cha kwanza alichofanya ni kujipapasa kichwani, akitafuta kitambaa chake. Lenzi akainuka, akatazama pembeni, akautandaza mtandio wa mkewe juu ya nywele zile za mvi bila kuziangalia. Kisha akageuka aondoke, kama ilivyokuwa desturi yake.

"Mwambie mwenzio..." mama mkwe alianza, sauti imekwaruza. Akamtafuta binti yake kwa macho, akamkuta amelala. Hapakuwa na mtu wa kumtuma. Alimtazama Lenzi moja kwa moja.

"Mtoto yuko wapi?"

"Huyu hapa, mama. Yuko hai."

"Nilitaka kukuuliza," alisema. "Pale uliposema chini ya kitanda. Nikasema, huyu ni mkwe, ana elimu ya vioo, nitamwonaje mjinga. Nikanyamaza."

"Nilikusikia ukitaka kuuliza. Nami nikanyamaza."

Kikombe cha hewa kilijaa ukungu wa pumzi yake, kikatakata, kikajaa tena. Lenzi hakuweza kukitazama.

"Daktari kasemaje? Usinipambie."

"Kasema hajui, mama. Kama akili yake imeguswa au haikuguswa. Kasema tumwangalie macho, kama yanafuata kitu."

"Umeangalia?"

"Bado."

"Kwa nini?"

"Naogopa."

Mkono wa mama mkwe ukatoka chini ya shuka, ukashika ukingo wa kitanda kidogo, ukakaa hapo.

"Hata mimi," alisema. "Angalia."

Lenzi alitoa mfukoni tochi yake ndogo ya kazi, ile ya kuchungulia mikwaruzo kwenye kioo, akaifunika kwa kidole ili mwanga uwe hafifu, mwekundu. Mtoto alikuwa macho. Alikuwa anatazama dari, au hatazami kitu, hakuna aliyeweza kujua. Lenzi akauleta mwanga juu ya uso wake. Akausogeza kulia, taratibu.

Macho yalibaki darini.

Mkono wa mama mkwe uliukaza ukingo wa kitanda. Lenzi aliuacha mwanga pale pale ulipofika, kwa sababu mkono wake haukutaka tena kwenda popote. Mtungi ulinong'ona. Nje mvua ilikuwa inaendelea, haina habari na mtu.

Kisha macho yale yakasogea. Yalichelewa, yakaja kama mtu anayetembea gizani ndani ya nyumba asiyoijua, yakapita mwanga, yakarudi, yakaupata. Yakatua.

Lenzi hakujua kama aliona, au alitaka kuona.

"Rudia," mama mkwe alisema.

Akaurudisha mwanga mwanzo, akaanza tena.